Asiyelia Naye Huumia

Maumivu ni bawabu wa mwili. Hukaa mlangoni usiku na mchana, na adui akikaribia hupiga kelele mpaka mwenye nyumba aamke. Mtoto akigusa kaa la moto, bawabu huyu humwondoa mkono kabla akili haijapata nafasi ya kufikiri. Mtu akivunjika mguu, humlaza chini mpaka mfupa uunge. Kwa hiyo maumivu, japokuwa hayapendwi na mtu, ni neema iliyovaa vazi la adhabu. Lakini bawabu huyu ana kasoro mbili. Ya kwanza ni kuwa hasikiki ila na mwenye nyumba. Jirani, hata akitega sikio ukutani, hamsikii. Ya pili ni kuwa wako maadui asioweza kuwaona, ambao hupita mlangoni mchana kweupe na kuingia ndani naye hajafumbua kinywa.

Nakuomba, msomaji, tufuatane katika historia mbili ambazo kwa desturi hufundishwa katika vyumba mbalimbali. Moja ni ya jiwe la urani, na husomwa na wanafunzi wa kemia. Nyingine ni ya elimu ya maumivu na ya namna watu wanavyoyavumilia, na husomwa na waganga pamoja na wajuzi wa elimu ya nafsi. Safari yetu itaanzia Nairobi, katika mitaa ya Kibera na Kawangware, na huko huko itaishia, kwa sababu watu wa mitaa hiyo husemwa sana kwa neno moja dogo ambalo nataka tulipime pamoja. Neno hilo ni "wamezoea".

Kibera iko kusini-magharibi mwa kitovu cha jiji. Jina lake limetokana na neno la Kinubi, Kibra, ambalo maana yake ni msitu. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwakalisha humo askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles pamoja na jamaa zao, na mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa makazi yao. Watu hao walipigana vita visivyokuwa vyao, wakasifiwa kwa ushupavu, lakini hati ya ardhi hawakupewa. Wajukuu na vitukuu vyao waliipata mwaka 2017, nayo ilikuwa ya ekari 288 tu. Kawangware iko magharibi, upande wa Dagoretti, katika nchi iliyokuwa ya mashamba ya Wakikuyu kabla ya mipaka ya Nairobi kupanuliwa wakati wa uhuru. Leo mitaa yote miwili inakaliwa na watu wa makabila mengi ya Kenya: mafundi, wachuuzi, walinzi, watumishi wa nyumbani, walimu na wanafunzi. Wengi wao huamka kabla ya jogoo, hununua maji mtungi kwa mtungi, na huenda kazini kwa miguu ili nauli ya asubuhi iwe chakula cha jioni.

Mtu wa mbali anayewatazama huwasifu. Husema, "Hawa ni hodari, wamezoea taabu." Sifa hiyo hupendeza masikioni, lakini ndani yake ina sumu. Anayesema kuwa fulani amezoea maumivu yu karibu kusema kuwa fulani haumii, na anayeamini kuwa fulani haumii hatakawia kumwongezea mzigo. Wahenga waliliona jambo hili zamani waliposema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Je, ni kweli kwamba binadamu huzoea maumivu? Na je, kutolia ni ushahidi wa kutoumia? Tuliulize jiwe kwanza, kisha tuuulize mwili.

Mwaka 1789 mkemia wa Berlin aitwaye Martin Heinrich Klaproth alikuwa akichunguza jiwe jeusi, zito, lililotoka machimboni. Aliliyeyusha kwa asidi, kisha akapunguza ukali wa asidi ile, na unga wa manjano ukashuka chini ya chombo. Unga huo aliuchoma pamoja na makaa, akapata unga mwingine mweusi, akadhani kuwa ameishika metali mpya. Aliiita urani, kwa heshima ya sayari ya Uranus iliyokuwa imegunduliwa miaka minane tu kabla ya hapo. Kumbe alichokishika kilikuwa oksidi, yaani urani iliyoshikamana na oksijeni, na mshikamano wao ulikuwa mkubwa hata makaa hayakuweza kuwatenga. Mwaka 1841 Mfaransa Eugène Péligot alipita njia nyingine. Aliibadili urani ikawa kloridi, akaipasha moto pamoja na potasiamu. Potasiamu ina uchu wa klorini kuliko urani; ikamnyang'anya mwenziwe, na metali ikabaki peke yake.

Kwa zaidi ya miaka 50 baada ya hapo urani haikuwa na kazi kubwa. Mafundi wa vioo waliitumia kutia rangi ya manjano na ya kijani katika bilauri na vyombo vya mapambo. Siri yake ilifichuka mwaka 1896 mjini Paris. Henri Becquerel aliweka chumvi ya urani juu ya bamba la picha lililofungwa kwa karatasi nyeusi, akavitia vyote katika mtoto wa meza, na alipolisafisha bamba aliona alama juu yake ingawa jua halikulifikia. Jiwe lilikuwa likitoa mionzi kwa nafsi yake, bila ya kuwashwa na mtu. Miaka miwili baadaye Marie Curie, mzaliwa wa Poland, na mumewe Pierre walitambua kuwa ndani ya jiwe lile jeusi vimo vitu viwili vingine vyenye mionzi mikali zaidi, wakaviita poloni na radiamu. Katika banda lililovuja walichemsha, wakachuja na kukausha tani kadhaa za mabaki ya mawe ya Joachimsthal, na mwaka 1902 Marie akapata kloridi ya radiamu kiasi cha sehemu moja ya kumi ya gramu.

Sasa, msomaji, angalia kasoro ya pili ya bawabu wetu. Mwaka 1901 Becquerel alitembea na kichupa cha radiamu katika mfuko wa kizibao chake. Hakuhisi joto wala mwasho. Siku kadhaa zikapita, ndipo ngozi iliyokuwa mkabala na mfuko ikawa nyekundu, ikachubuka, ikawa kidonda. Pierre Curie naye alijijaribu kwa makusudi. Alijifungia radiamu mkononi kwa muda wa saa 10, kisha akaandika siku kwa siku jinsi ngozi ilivyogeuka. Siku ya 52 kidonda kilikuwa hakijafunga. Sababu yake ni hii. Neva za maumivu zimeumbwa zihisi moto, mkato, mgandamizo na sumu kali. Mionzi haina mlango katika neva hizo. Hupita kimya, hugonga atomu zilizomo katika chembe za mwili, na kuvunja nyuzi zinazobeba maagizo ya urithi. Madhara hujitokeza baada ya siku, na pengine baada ya miaka. Marie Curie, aliyeishi na radiamu zaidi ya miaka 30, alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu ambao hudhaniwa kuwa ulitokana na mionzi.

Basi hapa tunapata jibu la kwanza. Mtu aweza kudhurika vibaya na asihisi kitu. Ukimya wake hautoshi kuwa cheti cha usalama.

Pierre na Marie hawakujua ukubwa wa hatari, lakini angalau waliichagua kazi yao wenyewe, na malipo yake yalikuwa elimu na heshima. Lakini wako wengine waliolishika jiwe hilo bila ya kuchagua. Mwaka 1915 mtafutaji madini Mwingereza, Robert Sharp, aligundua mawe yenye urani mahali paitwapo Shinkolobwe, katika Katanga, nchi ya Kongo ambayo watu wake wanazungumza Kiswahili hata leo. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuchimba mwaka 1921. Mawe yalisafirishwa hadi Olen, nchini Ubelgiji, ili kutolewa radiamu, iliyokuwa na thamani kupita dhahabu mara nyingi. Urani yenyewe wakati huo ilionekana kama makapi yanayobaki baada ya kukoboa mpunga. Wachimbaji Wakongo waliyachimba mawe hayo na kuyachagua kwa mikono mitupu. Nayo hayakuwa mawe ya kawaida: mengine yalikuwa na oksidi ya urani kwa asilimia 65, ilhali katika machimbo mengi ya dunia kiasi hicho hakifiki hata asilimia moja.

Mwezi Desemba mwaka 1938, mjini Berlin, wakemia Otto Hahn na Fritz Strassmann waliipiga urani kwa nyutroni, wakakuta katika mabaki yake bariamu, metali nyepesi ambayo haikutazamiwa kuwamo. Lise Meitner, mwenzao aliyekuwa amekimbia mateso ya Hitler na kuhamia Sweden, pamoja na mpwa wake Otto Frisch, walifasiri maana yake: atomu ya urani ilikuwa imepasuka vipande viwili na kutoa nguvu nyingi sana. Mwezi Agosti 1939 Albert Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani, na barua hiyo ilitaja Kongo kuwa chimbuko kuu la urani. Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alikuwa amekwisha kuonywa na wanasayansi. Mwaka 1940 alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York na kuyahifadhi katika ghala la Staten Island, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Machimbo ya Shinkolobwe yakafunguliwa tena kwa siri, na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka huko. Watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa katika mji huo kabla ya mwaka kwisha. Wako walioonekana wazima siku ya bomu, kisha wakaanza kupukutika nywele na kutoka damu wiki chache baadaye, kama kidonda cha Becquerel kilivyochelewa.

Mwaka 1946 Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani. Wachimbaji hawakupewa nishani, na historia hii iliandikwa kwa muda mrefu bila ya kuwataja. Mwaka 1959 kinu cha kwanza cha nyuklia katika bara la Afrika kilijengwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium, katika mji uitwao sasa Kinshasa, na machimbo yakafungwa karibu na uhuru wa Kongo mwaka 1960. Hata hivyo wachimbaji wadogo walirudi miaka ya baadaye kutafuta kobalti na shaba katika ardhi ile ile, wakiwa na sururu na mikono. Mwaka 2004 serikali iliamuru pafungwe, na mwaka huo huo shimo likaporomoka na kuua watu. Ukiuliza kwa nini walishuka humo, utaambiwa kuwa ni watu waliozoea kazi ya shimo. Neno letu limefika na Katanga.

Tugeuke sasa, tuuulize mwili. Kwa muda wa karne tatu wataalamu wa Ulaya walifuata mfano wa mwanafalsafa René Descartes, ambaye kitabu chake cha mwili wa binadamu kilitolewa mwaka 1664 baada ya kufa kwake. Alifananisha maumivu na kamba ya kengele: moto ukigusa mguu, kamba huvutwa, na kengele hulia katika ubongo. Kama mfano huo ungekuwa kamili, jeraha moja lingemuumiza kila mtu sawasawa. Lakini wenye nguvu waliongeza uwongo wao juu ya mfano huo. Walidai kuwa kamba za watu wengine ni nzito, hazivutiki. Katika jimbo la Alabama, nchini Marekani, kati ya mwaka 1845 na 1849, daktari J. Marion Sims aliwapasua tena na tena wanawake watumwa waliokuwa na fistula, maradhi yatokanayo na uzazi mgumu. Majina ya watatu yamehifadhiwa: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha peke yake alipasuliwa mara zipatazo 30. Etha, dawa ya nusukaputi, ilionyeshwa hadharani mjini Boston mwaka 1846, lakini wanawake wale hawakupewa. Ufundi uliopatikana kwa miili yao ulikuja kuwafaa wanawake wengi duniani. Uchungu wake waliulipa watu ambao hawakuwa na haki ya kusema hapana.

Nuru ilianza kuingia wakati wa vita. Mwaka 1944 daktari Henry Beecher wa Marekani alikuwa akiwatibu askari waliojeruhiwa katika ufuko wa Anzio, nchini Italia. Alishangaa kuona kuwa karibu robo tatu ya wenye majeraha makubwa, walipoulizwa kama wanataka dawa ya kutuliza maumivu, walisema hawaihitaji. Baada ya vita aliwauliza raia waliopasuliwa hospitalini, ambao majeraha yao yalikuwa madogo zaidi. Zaidi ya wanane katika kila kumi waliitaka dawa. Je, askari walikuwa na neva za chuma? Hasha. Wanaume hao hao, muuguzi akiwachoma sindano vibaya, walilalamika kama watu wengine. Tofauti ilikuwa katika maana ya jeraha. Kwa askari, jeraha lilikuwa tiketi ya kuondoka vitani na kurudi kwao akiwa hai. Kwa raia, lilikuwa mwanzo wa msiba.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza namna jambo hilo linavyotendeka. Walisema kuwa katika uti wa mgongo iko kama lango. Habari za maumivu zinapopanda kutoka mwilini hukuta lango hilo, nalo laweza kufunguliwa au kufungwa. Ukijigonga kiwiko na kukisugua, habari za mguso husaidia kulifunga; ndiyo maana mama humpapasa mtoto aliyeanguka. Ubongo nao hutuma amri kutoka juu. Hofu, upweke na kukata tamaa hulifungua. Tumaini, wenzi na maana njema hulifunga. Wataalamu waliofuata wamesahihisha mambo mengi katika maelezo hayo, lakini msingi wake umesimama: maumivu hayapimwi kwa jeraha peke yake.

Kwa elimu hii twaweza kuelewa desturi zetu wenyewe. Kijana wa Kibukusu au wa Kikuyu aliyesimama jandoni bila ya kupepesa macho alikuwa na maana njema mbele yake, rika lake kando yake, nyimbo masikioni mwake na mwisho ulio karibu. Lango lake lilifungwa na jamii nzima. Ushujaa ule ni wa kweli na hauna sababu ya kudharauliwa. Lakini mchukue kijana yule yule, umlaze peke yake usiku katika chumba cha mabati huko Kawangware, akiwa na saratani ya mfupa, bila ya dawa na bila ya kujua mwisho wake. Hapo hana rika wala wimbo. Kumwambia ajikaze kama mwanamume ni kumdai deni ambalo hakulikopa.

Na je, hatazoea baada ya muda? Mwaka 1983 mtaalamu Clifford Woolf alionyesha kwa majaribio kuwa uti wa mgongo uliopokea habari nyingi za maumivu huongeza wepesi wake wa kuumia, hata mguso mdogo ukawa mateso. Yaani maumivu yasiyotibiwa mara nyingi hujichimbia mfereji, na maji ya kesho hupita kwa urahisi zaidi. Kiumbe ambaye kwa hakika ameumbwa asihisi baadhi ya maumivu ni fuko asiye na manyoya, anayechimba mashimo yake katika nchi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwamo Titus Kanui, wamemchunguza mnyama huyu tangu zamani, na mwaka 2008 ilithibitishwa na wataalamu wa Ujerumani na Marekani kuwa ngozi yake haisikii uchungu wa asidi wala wa pilipili. Yadhaniwa kuwa hali hiyo imetokana na kuishi vizazi visivyohesabika katika mashimo yaliyojaa pumzi nzito. Hiyo ndiyo maana ya kuzoea kwa kweli, nayo hujengwa kwa mamilioni ya miaka. Mtu wa Kawangware na jirani yake wa Lavington hawakutenganishwa na mamilioni ya miaka. Wametenganishwa na barabara. Neva zao ni zile zile.

Lakini usidhani kuwa uwongo wa zamani umekufa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliwauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari vijana habari za miili ya watu weusi na weupe. Takriban nusu yao waliamini angalau jambo moja la uwongo, kama vile kuwa ngozi ya mtu mweusi ni nene zaidi, na walioamini hivyo waliyahesabu maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo. Hao walikuwa wasomi, si wajinga. Neno "wamezoea" halifukuzwi na vyeti vya shule.

Historia zetu mbili zinakutana Nairobi, mwendo mfupi kutoka Kibera. Hospitali Kuu ya Kenyatta ilianzishwa mwaka 1901 kuwa hospitali ya wenyeji, ikapewa jina la Mfalme George wa Sita mwaka 1952, na baada ya uhuru ikapewa jina la Jomo Kenyatta. Humo wagonjwa wa saratani hutibiwa kwa mionzi. Mionzi ile iliyomchoma Becquerel kimya kimya, ikipimwa na kuelekezwa na fundi, huua chembe za saratani. Elimu iliyoanza katika chupa ya Klaproth imefika mpaka kwa muuza mboga wa Kibera, nayo ni heri kubwa.

Karibu na hospitali hiyo iko Nairobi Hospice, iliyoanza kazi mwaka 1990, ambayo huwahudumia watu walio na maradhi yasiyotarajiwa kupona. Ilifuata njia iliyofunguliwa na daktari Cicely Saunders, aliyeanzisha hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967 na kufundisha kuwa mgonjwa huumia kwa mwili, moyo, roho na mfuko kwa pamoja. Dawa kuu ya kazi hiyo ni mofini ya kunywa, ambayo hutengenezwa kwa unga uliochanganywa na maji. Anne Merriman, daktari aliyefanya kazi katika hospisi hiyo ya Nairobi siku zake za mwanzo, alivuka mpaka na kuanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mofini hiyo ikatumika mpaka majumbani mwa maskini. Bei yake si kubwa. Hata hivyo shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa mwaka 2010 likieleza jinsi watoto wagonjwa nchini Kenya walivyoachwa na maumivu makali kwa sababu hospitali nyingi za serikali hazikuweka dawa hiyo. Sababu zilizotajwa ni hofu ya dawa za kulevya na upungufu wa mafunzo. Mimi naona kuwa nyuma ya sababu hizo lilisimama neno letu. Kwa mtu anayedhaniwa kuwa amezoea, dawa huonekana kama anasa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa sababu hiyo elimu ya maumivu imefikia kanuni moja nyepesi, ambayo hata mwanafunzi aweza kuitumia leo: maumivu ni yale ambayo mwenyewe anasema anayo. Daktari huuliza, kisha huamini. Na elimu ya mionzi imefikia kanuni ya pili: usingoje mtu alalamike, pima. Kwa sababu hiyo mfanyakazi wa chumba cha mionzi hubeba kifuani kidude cha kupimia, kwa kuwa mwili wake hautamwambia. Kanuni ya tatu inaziunganisha hizo mbili, nayo iliandikwa mjini Nuremberg mwaka 1947 baada ya ukatili wa madaktari wa Hitler kujulikana, na Beecher mwenyewe akaisisitiza mwaka 1966 alipowafichulia madaktari wenzake majaribio yenye kasoro 22: mtu asitumiwe kwa faida ya elimu bila ya ridhaa yake.

Msomaji, kwa nini nimekuchukua mbali hivi? Kwa sababu zamu yako inakuja. Urani imepatikana pia katika bonde la Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo, kusini mwa Tanzania, na siku moja huenda mwanafunzi wa leo akawa mkemia, mkaguzi, mwanasheria au mbunge atakayeulizwa kama wachimbaji wanahitaji vipimo na mavazi ya kujikinga. Huenda ukawa muuguzi wa zamu ya usiku, na mama kutoka Kibera amelala kimya kitandani, macho yakitazama dari. Mtu atakunong'oneza kuwa huyo hana taabu, ni wa kuzoea. Uvumilivu ni pambo la aliyeuchagua, na mvumilivu hula mbivu. Lakini hakuna methali inayotuambia tumvumilishe mwingine ili mbivu tuzile sisi. Isogelee kitanda, umshike mkono mama yule, umwulize panapomuuma. Kisha ungoje ajibu.